Na Wengineo

Mayasa aliingia ndani bila salamu, akauvua mkoba wa shule akautupa kitandani, akamwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba yeye kesho shule haendi. Biubwa alikuwa ameinamia cherehani, sindano ipo katikati ya pindo la suruali ya mteja. Mtoto wa miaka kumi na tatu asiyetaka shule si jambo la ajabu, Johannesburg wala kwingine. Lakini huyu mdomo ulikuwa unamtetemeka, na Biubwa akaondoa mguu kwenye pedali.

Ilichukua muda habari kutoka, maana Mayasa Kiswahili anakisikia chote ila akikasirika kinamkimbia. Habari yenyewe ni kwamba Herons, klabu ya besiboli ya pale bondeni ambako watoto wa shule yao hufanyia mazoezi, ilikuwa inatimiza miaka hamsini na imetoa kitabu. Mwalimu wa michezo alikileta darasani, karatasi nzito ya kung'aa, picha za rangi, akakipitisha watoto wakione. Mayasa akasema mbele ya wenzake kwamba baba yake yumo humo, kwa sababu ndiye aliyerusha mipira ya mwisho kwenye fainali ya mwaka 2013. Wakafungua ukurasa wa fainali, hayumo. Wakafungua orodha ya warushaji wote wa klabu, majina thelathini na moja, hayumo. Mvulana mmoja akauliza kama baba yake Mayasa si ndiye yule anayekata nyasi. Darasa likacheka mpaka likachoka, na mwalimu, badala ya kuwanyamazisha wale, akamgeukia Mayasa akamwambia si vizuri kutunga mambo ili mtu aonekane mkubwa.

"Kaniita mwongo, mama," alisema Mayasa, na hayo aliyasema kwa Kiswahili.

Kitabu alikuwa ameondoka nacho. Biubwa alikipokea, akakipekua kwa kidole chenye subana ya kushonea. Aliikuta orodha. Alianza juu akashuka jina moja moja, Mreno huyu, Mwingereza yule, wengine alishawahi kuwapikia pilau kwa mikono yake. Chini kabisa, kwa herufi nyembamba za kulala, palikuwa na maneno mawili tu, na wengineo. Alirudia kuyasoma kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni na huku anajua haumo.

Sasa tuelewane hapa, maana dhuluma ndipo ilipojificha. Mchezo ule una mrushaji wa kuanza, jitu la mabega, linaloingia uwanjani watu wakiwa wabichi na wake zao wakipiga picha. Linarusha mpaka mkono unachoka. Likichoka anaitwa mwingine kutoka benchi, na mambo yakiharibika kabisa anaitwa wa mwisho, aje azime moto ambao hakuuwasha. Karimu, mume wake Biubwa, alikuwa huyo wa mwisho. Miaka tisa alikaa benchi la Herons akingoja mambo yaharibike, na yalipoharibika ndipo jina lake lilipokumbukwa.

Na mpira wake haukuwa na kasi. Aliuchimba kwa kucha mbili za mkono wa kulia, ya kidole cha shahada na cha kati, akausukuma utoke bila kuzunguka hata mara moja. Wenyewe wanauita nakoboli. Mpira usiozunguka hauna adabu, unayumba kushoto, unaghairi, unazama, na mpigaji anapiga pale ulipokuwa. Karimu hakufundishwa na mtu. Aliuokota utotoni Tandika, akicheza rede na dada zake kwa mpira wa matambara, huku wavulana wenzake wakimcheka kwamba anacheza mchezo wa wasichana. Alipofika Johannesburg na kupata kibarua cha kuokota mipira uwanjani Herons, siku moja aliurudisha mmoja namna ile, na watu wote wakasimama kumtazama.

Kwa ajili ya mpira ule alifuga kucha zile mbili. Kila Ijumaa akitoka msikitini alikaa mlangoni na tupa ndogo, akizinoa ziwe sawa na ukingo wa meza. Mwaka 2017 walileta kocha mpya mwenye mashine ya kupima kasi, mashine ikasema kilomita tisini na tano kwa saa, kocha akasema hata bibi yake anarusha zaidi, na Karimu akapewa ovaroli ya kijani na mashine ya kukata nyasi. Lakini kucha aliendelea kuzinoa. Mtaani Rosettenville walimwita mpiga gitaa. Alicheka nao, akanoa.

Jioni ile alirudi, akaonyeshwa kitabu. Alikisoma akiwa amesimama, hata viatu hajavua. Akakifunga taratibu, akakiweka juu ya kabati, akauliza kama chai ipo.

Mayasa alimfuata mpaka jikoni akamuuliza, kwa Kiingereza, kama alirusha au hakurusha.

"Nilirusha."

Basi kwa nini hayumo? Karimu alimimina chai, akatia sukari, akakoroga muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji. Akasema hayo mambo ya zamani. Biubwa alikuwa mlangoni, akamwona mwanawe akimtazama baba yake kuanzia viatu vyenye majani makavu mpaka usoni, na akajua hapo hapo kinachotokea. Mtoto alikuwa anaanza kumwamini mwalimu. Hilo ndilo lililomkata maini. Kitabu na kipotelee mbali, lakini mtoto kumwangalia baba yake namna ile chini ya dari yake yeye Biubwa, hapana.

*

Alhamisi alifunga cherehani saa nne asubuhi, akashuka bondeni kwa miguu. Karimu siku hiyo alikuwa ametumwa mjini kufuata rangi ya chokaa ya kuchorea mistari, na Biubwa alilijua hilo.

Mwenyekiti wa Herons ni Damien, na Damien si mgeni kwake. Enzi za Karimu alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akipokea mipira. Alimpokea barazani kwa furaha, akamwita dada, akamtolea chai ya kikombe cha karatasi. Kiti hakumpa. Biubwa alisema shida yake kwa Kiingereza chake cha sokoni, kilichonyooka bila mapambo, kwamba kwenye kitabu jina la mume wake halimo na mtoto ameitwa mwongo shuleni.

Damien alisikitika. Alisikitika kweli, mkono ameuweka kifuani. Akaeleza kwamba kitabu kimehesabu walioanza mechi, na Karimu hakuanza hata moja. Si yeye aliyetaka iwe hivyo, ni hesabu. Akasema klabu nzima inampenda Karimu, ndiyo maana walipomtoa kwenye timu hawakumtupa, walimpa kazi.

"Ile fainali nani aliimaliza?" Biubwa aliuliza.

"Tuliimaliza sote," alijibu Damien. "Sisi ni familia."

Halafu, na hapa ndipo utakapomjua mtu, alitazama mkoba wa ushonaji aliobeba Biubwa, akasema kwa kuwa amefika, ana shida ndogo. Vitambaa vya meza vya sherehe ya Jumamosi vimekuja virefu, vinagusa sakafu, watu watajikwaa. Angeweza kuviangalia mara moja? Na Biubwa, mtu mzima na akili zake, aliyeteremka kilima kile damu inamchemka, alijikuta ametoa futi mkobani na kumfuata ukumbini. Mazoea ni kitu kibaya. Ukishona kwa watu miaka kumi na minane, mtu akisema kirefu mkono wako unakwenda kwenye futi kabla moyo haujakataa.

Alikuwa amepiga magoti kwenye meza ya nne, pini mdomoni, alipoinua kichwa akaiona. Ukutani palikuwa na sanduku la kioo lenye taa yake ndani. Mlikuwa na glavu moja kubwa ya mdakaji, ya ngozi ya kahawia, pana kuliko glavu yoyote ya dukani, na ukingoni ilikuwa na safu mbili za matundu madogo. Chini yake kibao cha shaba kilisema hii ni glavu ya Damien, iliyodaka fainali ya 2013.

Biubwa alitoa pini mdomoni moja moja, asije akazimeza.

Matundu yale yalikuwa ya misumari ya sofa. Sofa lenyewe lilitupwa Malvern nje ya duka la fanicha kuukuu, barabara ya Jules, na yeye ndiye aliyelichuna ngozi pale pale kando ya barabara, Mayasa mgongoni. Mwaka ule mpira wa Karimu ulikuwa umemvimbisha Damien dole gumba mpaka likawa kama muhogo, kwa sababu glavu ya kawaida haikuweza kuufuata ukiyumba. Damien alikuja mwenyewe chumbani kwao, akakaa juu ya kitanda chao maana kiti kilikuwa kimoja, akala pilau, akaomba amshonee kitu kipana. Alishona siku tatu, kwa uzi wa viatu alioupaka nta ya mshumaa. Ndani palihitaji kitambaa cha pamba nzito cha kunywa jasho, na nyumbani hapakuwa na pamba nzito isipokuwa moja. Alifungua sanduku akatoa kisutu chake, kanga yake ya harusi, nyekundu na nyeusi na nyeupe, aliyovishwa na mama yake Zanzibar. Akakata pembe. Mama yake alipoambiwa kwa simu alilia, akamuuliza mwanamke gani anakata kisutu chake kwa ajili ya mchezo. Biubwa alimjibu kwamba si mchezo, ni mume.

Alimaliza kupima meza zote kumi na mbili. Akavikunja vitambaa akavibeba kwenda kuvipinda, kama alivyoombwa.

*

Jioni alimngoja Karimu anawe, ale, Mayasa aende kuoga. Kisha akamwambia alichokiona. Alimweleza sanduku, taa na kibao. Alitegemea mume wake ashtuke, ainuke, hata agonge meza. Karimu aliendelea kuchambua mwiba wa samaki.

"Ulijua," alisema Biubwa.

"Kioo kile nakifuta mimi kila Jumatatu."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu."

Huyu ndiye mwanaume aliyemwoa, jamani. Kila Jumatatu, miaka miwili, anachukua tambara na maji ya sabuni anang'arisha kioo ili watu waone vizuri jina la mwenzake. Biubwa alimwaga yote aliyokuwa nayo. Alimwambia hana damu. Alimwambia mtoto wake ameitwa mwongo naye anauliza chai. Alimwambia kwamba alikata kisutu chake kwa ajili ya mwanaume, na kumbe alikikata kwa ajili ya mfuta vioo. Neno hilo la mwisho alilisikia likitoka na akatamani alirudishe, lakini limeshatoka. Karimu alinyanyuka, akaosha sahani yake mwenyewe, akatoka nje akakaa mlangoni.

Asubuhi ya Ijumaa Biubwa alipovuta kiti aanze vitambaa vya meza, aliona kitu juu ya kibao cha cherehani, kando ya mkasi. Vilikuwa vipande viwili vya kucha. Vilikuwa virefu, vimenolewa sawa, vimekatwa kwa mkasi wake wa kitambaa kwa pigo moja moja. Karimu alikuwa ameshakwenda kazini.

Alivitia kwenye kiganja. Miaka kumi na saba alikuwa amezitania kucha zile, amezilaani zilipochana shuka, amemfungulia mume wake makopo ili zisivunjike. Hakuwahi kujiuliza mkata nyasi anafuga kucha za nini. Sasa alijua, kwa sababu zimekatwa. Miaka yote ile Karimu alikuwa bado anangoja kuitwa kutoka benchi. Na waliomkatisha tamaa walikuwa wawili, Damien na yeye mkewe.

Clémentine, Mkongo anayesuka nywele chumba cha pili, alikuja kuazima mkasi akamkuta amekaa na kiganja wazi. Biubwa alimweleza yote, mwanzo mwisho. Clémentine alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alisikiliza tu, akimenya chungwa.

"Hii haiko maneno ya kunyamazia, ma sœur," alisema, akimwita dada kwa Kifaransa. Akaongeza kwamba angekuwa yeye angeenda kuvunja kile kioo kwa jiwe.

Biubwa alisema jiwe halina haja. Akashona vitambaa vyote kumi na viwili siku ile, pindo nyembamba, mshono hauonekani, kazi ambayo hakuna mtu angeweza kuitia kasoro. Hakutaka wapate pa kumsemea. Usiku alifungua sanduku.

*

Jumamosi ukumbi wa Herons ulijaa. Biubwa na Mayasa waliingia kwa mlango wa jikoni, mtoto akiwa amebeba mfuko wa vitambaa huku amenuna, maana hakutaka kuja na alilazimishwa. Walitandika meza zote. Vilikaa vizuri, viliishia kidole kimoja juu ya sakafu. Karimu alikuwa ndani ya ovaroli ya kijani akipanga viti. Aliwaona, akawaamkia kwa kichwa, akaendelea na viti. Na yule mwalimu wa michezo alikuwepo, meza ya tatu, suti ya buluu, sahani ya keki mbele yake.

Baada ya chakula Damien alishika kipaza sauti. Alisimulia miaka hamsini, waliokufa, waliohamia Australia. Akafika kwenye fainali. Akafungua sanduku la kioo kwa ufunguo mdogo, akaivaa glavu, na watu wakapiga makofi kabla hajasema kitu. Akasimulia kwamba ilikuwa zamu ya mwisho, Herons wako mbele kwa pointi moja, wapinzani wamejaa kwenye vituo vyote vitatu na hakuna hata mmoja aliyetolewa. Mpira siku hiyo ulikuwa kama popo, alisema, hakuna aliyejua unakwenda wapi, lakini yeye hakuuachia hata mmoja. Wapigaji watatu waliingia, watatu wakatoka bila kuugusa. Aliufanya mkono wake uonyeshe namna alivyodaka, huku, kule, chini kabisa.

Yule aliyeurusha, Damien alimwita tu "mrushaji wetu wa wakati ule".

Karimu alikuwa nyuma ya ukumbi na viti vinne mkononi. Damien hakuwa anaficha kitu, na hilo lilimchoma Biubwa kuliko uongo wenyewe. Uso wake ulikuwa mweupe wa raha, macho yana machozi. Alikuwa ameisimulia hadithi ile mara nyingi sana bila Karimu ndani yake, na sasa aliiamini. Akaivua glavu akaipa meza ya kwanza, akasema waipitishe, waiguse, ni historia ya klabu.

Ilipita mikononi mwa watu. Waliipima uzito, waliinusa, walipiga picha nayo. Ilipofika meza ya mwisho mama mmoja wa Kireno alitazama huku na huku ampe nani, akamwona mwanamke wa vitambaa amesimama ukutani, akamkabidhi airudishe.

Biubwa hakuirudisha. Alikwenda meza ya mbele, penye keki, akavuta kiti akakaa. Akatoa mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, akageuza glavu ndani nje, akaanza kufumua. Hakuna aliyemzuia, kwa sababu walidhani anashona. Mtu mmoja hata alisikika akisema ni vizuri wameleta fundi, ngozi ile imechakaa. Mshono aliujua. Alipofunga alikuwa amerudisha uzi mara tatu kila pembe, na alikwenda moja kwa moja kwenye zile pembe.

Damien alipogeuka na kumwona, bitana ilikuwa imeshatoka. Kilikuwa kipande cha pembe tatu, kimekakamaa kwa jasho, rangi imefifia, lakini nyekundu bado nyekundu. Biubwa alichomoa kisutu mfukoni, akakitandaza juu ya kile kitambaa cheupe, keki akaisogeza kando kwa kiwiko. Kilikuwa kizima pembe tatu. Ya nne ilikuwa haipo. Akakiweka kipande pale. Mstari mweusi ukakutana na mstari mweusi, nukta ikakutana na nukta.

Watu walikuwa wamekuja karibu. Meza ya tatu yule mwalimu alikuwa amesimama ili aone.

"Hiki ni kisutu changu cha harusi," alisema Biubwa kwa Kiingereza chake, bila kipaza sauti. "Nilikikata kwa sababu mpira wa mume wangu ulikuwa unakuvunja dole gumba, Damien. Ulikaa kitandani kwangu ukaniomba. Sasa waambie mpira ulikuwa wa nani."

Damien alikuwa na kipaza sauti mkononi. Alikitazama, akamtazama Biubwa, akakohoa, na kikohozi kikasikika ukumbi mzima. Akasema dada, hili ni jambo la ofisini. Biubwa akasema ofisini alishakwenda, alipewa chai ya kikombe cha karatasi akapimishwa meza. Hapo wachache walicheka, si kwa kumcheka yeye. Damien akasema basi, kila mtu anajua Karimu alisaidia, ni mmoja wa waliosaidia sana, na kitabu kikichapwa tena watalifikiria suala hilo.

"Jina lake ni refu sana?" aliuliza Biubwa. "Litaje tu. Umeshalitaja mara elfu ukitaka nyasi zikatwe."

Damien hakulitaja. Alikuwa na nafasi, watu mia na ishirini wamenyamaza wakimngoja, na hakulitaja. Labda alijua akilitaja hadithi nzima ya maisha yake itabidi isimuliwe upya. Alikiteremsha kipaza sauti, akasema kwa sauti ya chini kwamba ile glavu ni mali ya klabu, aiache mezani.

Viti vilisikika vikiwekwa sakafuni. Karimu alikuja kutoka nyuma, watu wakimpisha, ovaroli yake inanuka mafuta ya mashine. Mayasa alikuwa kando ya mama yake, ameshika mfuko kwa mikono miwili. Karimu hakumtazama Damien. Alishika pembe mbili za kisutu, moja ikiwa ile isiyokuwepo, na Biubwa akashika pembe zake mbili, wakakikunja pamoja kama wanavyokunja shuka nyumbani, mara mbili, halafu mara nyingine. Akakitia mfukoni. Akaichukua glavu akampa Mayasa. Ndipo aliposema.

"Kwenye kibao umeandika glavu ni yako. Sasa imekuwa ya klabu. Ukimaliza kuamua, unaijua nyumba yangu, ulishakula pale."

Walitoka kwa mlango wa mbele. Walipopita meza ya tatu yule mwalimu alikuwa ameshakaa, anaichunguza keki yake.

*

Ujumbe uliingia kwenye simu kabla hawajamaliza kupanda kilima. Mayasa ndiye aliyeusoma, maana ndiye msomaji wa Kiingereza cha nyumba ile. Funguo zirudishwe Jumatatu. Ovaroli irudishwe ikiwa imefuliwa. Klabu inamtakia kila la heri.

Walipofika Karimu alifungua mlango, wakaingia. Mlango ulipofungwa tu alilipuka. Biubwa hakuwahi kumsikia mume wake akipaza sauti namna ile tangu amjue. Miaka minane, alisema, miaka minane ameumeza ulimi wake kwa ajili ya ile kazi, kwa ajili ya chumba hiki, kwa ajili ya ada ya huyu, na leo umemaliza kila kitu kwa mkasi wa nyuzi. Nani alikutuma? Mimi nilikutuma?

"Kucha zako zilinituma," alisema Biubwa.

Hilo lilimsimamisha. Biubwa alikwenda kwenye droo ya cherehani, akatoa kijikaratasi alichokuwa amekikunja, akakifungua mezani, vile vipande viwili ndani yake. Akamwambia kwamba lile neno la mfuta vioo alikosea, anajuta, na hatalisema tena mpaka anakufa. Lakini Jumamosi hii hajutii, na Damien angemfukuza mara kumi angeenda mara kumi. Watakula cherehani. Wamewahi kuila.

Karimu aliketi. Akavigusa vile vipande kwa kidole. Kisha akaanza kuongea, hasira bado imo ndani ya sauti lakini imepata pa kwenda.

"Mechi sitini na mbili," alisema. "Niliingia mechi sitini na mbili. Najua kila moja."

Akaanza kuzitaja. Ile ya mvua, alipoingia wawili wakiwa vituoni na mpira umelowa. Ile aliyocheza ana homa ya malaria aliyotoka nayo Dar. Ile aliyoharibu, kwa sababu kucha ilipasuka, na akaomba radhi kwa kila mtu mmoja mmoja wakati yule aliyeanza na kuwapa wapinzani pointi sita alikuwa ameshakwenda kuoga anapiga mluzi. Akataja nani alikuwa mpigaji, nani alikuwa kituoni, mpira ulizamia wapi. Hakuna kitabu kilichoyaandika hayo. Yalikuwa yamekaa kichwani mwa mtu mmoja anayesukuma mashine ya nyasi, na kama angekufa jana yangekufa naye. Alipofika kwenye fainali alisimama, akaonyesha kwa mkono wake mwenyewe, na chumba kilikuwa kidogo mno kwa mkono ule ikabidi Biubwa asogeze cherehani.

Mayasa alikuwa amekaa kitandani kwa muda wote huo, glavu iko mapajani, nyuzi zimening'inia. Hakuuliza kama ni kweli. Aliuingiza mkono ndani ya ile ngozi ya sofa iliyofumuliwa, ikamzidi, vidole vyake vikapotea humo, akaukunjua na kuukunja.

"Baba," alisema, "nionyeshe. Kesho. Uwanjani watatufukuza, lakini nyuma ya kanisa kuna nafasi."

Karimu akamwambia Jumatatu kwanza anakwenda naye shule, akamwone huyo mwalimu uso kwa uso. Kazi hana, nafasi anayo. Kisha akainua mkono wake wa kulia karibu na taa, akapitisha kidole gumba juu ya zile kucha mbili zilizokatwa mpaka kwenye nyama.

"Mpira ningoje mwezi mmoja," alisema. "Ziote kwanza."

Biubwa alivuta droo ya chini ya cherehani, akaitafuta tupa.